Kioo kikizima baada ya kusasisha draiva, faili bado zipo

MTUMIAJI wa kompyuta mpakato huiacha jioni ikijisasisha, kama ilivyoomba yenyewe. Asubuhi anapoiwasha feni inazunguka, taa ya chaji inawaka, nembo ya kampuni iliyoitengeneza inaonekana kwa sekunde chache, kisha kioo kinakuwa cheusi na kubaki hivyo.

Kwa wengi, safari inayofuata ni ya kwenda kwa fundi. Na kwa mafundi wengi wa mitaani jibu la haraka ni moja tu: “kupiga window”, yaani kufuta mfumo endeshi wote na kuusakinisha upya. Kazi hiyo huchukua saa chache na mara nyingi hurudisha picha. Ubaya wake ni kwamba ikifanywa bila uangalifu huondoka na kila kilichokuwemo, iwe ni tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka au picha za harusi.

Hasara hiyo aghalabu haina sababu. Kioo kinapozima mara baada ya kusasisha, kilichoharibika huwa ni programu moja, draiva ya picha, wakati nyaraka za mwenye kompyuta zimekaa salama kwenye diski. Draiva hiyo inaweza kuondolewa na ile ya zamani ikarejeshwa bila kugusa waraka hata mmoja.

Mtuhumiwa mwenyewe

Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa fulani cha kompyuta, ikitafsiri amri za upande mmoja ziwe lugha inayoeleweka upande wa pili. Printa ina draiva yake, spika zina yake, na chipu inayochora picha ina yake. Draiva ya printa ikiharibika, kinachokosekana ni karatasi iliyochapwa. Draiva ya picha ikiharibika, mtumiaji hakosi picha tu, bali hukosa pia ujumbe ambao ungemweleza kilichotokea.

Isitoshe, hiyo ni miongoni mwa draiva kubwa na tata kuliko zote. Faili ya kusakinishia draiva ya NVIDIA au AMD huwa na mamia ya megabaiti, na matoleo mapya hutoka kwa kufuatana, mengi yakiwa kwa ajili ya michezo mipya ya kompyuta ambayo mhasibu wa ofisini hana habari nayo.

Historia yake haina sifa nzuri. Microsoft ilipoitoa Windows Vista kwa umma Januari 2007, ilibadilisha namna draiva za picha zinavyojengwa, na kampuni za chipu zikakutwa hazijajiandaa vya kutosha. Nyaraka za ndani za Microsoft, zilizowekwa wazi mwaka 2008 kupitia kesi iliyofunguliwa dhidi yake nchini Marekani, zilionyesha kuwa kati ya matukio ya Vista kukwama yaliyorekodiwa mwaka 2007, asilimia 28.8 yalihusishwa na draiva za NVIDIA pekee. Draiva za Microsoft yenyewe zilihusishwa na asilimia 17.9, za ATI asilimia 9.3 na za Intel asilimia 8.8.

Vista hiyo hiyo ilileta kinga ambayo inatumika hadi leo. Mfumo endeshi huisubiri chipu ya picha kwa sekunde 2, na isipojibu, draiva huanzishwa upya bila kuzima kompyuta. Ndiyo maana wakati mwingine kioo huwa cheusi kwa muda mfupi, kisha picha hurudi, pengine pamoja na ujumbe kwamba draiva iliacha kujibu na sasa imerejea. Tukio moja la namna hiyo si la kutisha. Likijirudia mara kadhaa kwa siku tangu toleo jipya lilipoingia, hakuna haja ya kutafuta mtuhumiwa mwingine.

Kampuni zenyewe hukiri zinapokosea. Machi 2010 NVIDIA iliondoa toleo lake namba 196.75 baada ya watumiaji kulalamika kuwa feni za kadi zao za picha hazidhibitiwi ipasavyo na kadi zinapata joto kupita kiasi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kampuni hiyo ililazimika kutoa marekebisho ya haraka kwa kufuatana, kwa sababu matoleo yake ya wakati huo yalihusishwa na skrini kuwa nyeusi, hasa kwa wenye kadi za RTX 50.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba hawakumbuki kusasisha draiva yoyote. Ni kweli, hawakufanya hivyo. Tangu Windows 10 ilipotoka Julai 29, 2015, draiva nyingi huingia zenyewe pamoja na masasisho ya kawaida ya mfumo, na mwenye kompyuta hana taarifa hadi siku mambo yanapoharibika.

Kompyuta mpakato ina ugumu wake wa ziada. Nyingi zina chipu mbili za picha, moja ndani ya prosesa yenyewe, kwa kawaida ya Intel au AMD, na nyingine yenye nguvu zaidi iliyowekwa pembeni. Teknolojia ya NVIDIA ya kuzibadilisha chipu hizo bila mtumiaji kujua, iitwayo Optimus, ilitangazwa Februari 2010. Katika kompyuta za aina hiyo kioo huwa kimeunganishwa na chipu ya ndani ya prosesa. Hivyo mtu anaweza kuhangaika siku nzima na draiva ya NVIDIA aliyoisasisha kwa mkono wake, kumbe iliyozima kioo ni ya Intel, iliyoingia usiku huo huo bila kubisha hodi.

Zaidi ya hayo, watengenezaji kama HP, Dell na Lenovo huzirekebisha draiva zilingane na kompyuta zao, hasa katika mambo ya mwanga wa kioo, kulala na kuamka kifuniko kinapofunguliwa. Draiva ya jumla inayotoka moja kwa moja kwa mtengeneza chipu inaweza kuwa mpya zaidi na bado isiifae mashine husika. Hadi mwaka 2020, programu ya Intel ya kusakinisha draiva ilikuwa ikikataa kabisa kuingia kwenye kompyuta nyingi zenye draiva iliyorekebishwa. Kizuizi hicho kiliudhi watu wengi, lakini kiliwaokoa wengine.

Je, ni draiva au ni kioo?

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima ijulikane kama lililoharibika ni programu au ni kifaa. Kipimo kizuri kuliko vyote ni nembo ya mtengenezaji inayotokea sekunde za mwanzo. Nembo hiyo huchorwa kabla Windows haijaanza na kabla draiva haijapakiwa. Ikionekana vizuri, basi kioo, waya wake na chipu ya picha vina uhai, na tatizo linaanza pale mfumo endeshi unapochukua usukani. Isipoonekana nembo wala maandishi yoyote tangu mwanzo, draiva huenda haina hatia.

Kipimo hicho kinaweza kupelekwa mbali zaidi. Kompyuta ikiwashwa huku kitufe cha F2 kikibonyezwa mfululizo, au F10 kwa kompyuta nyingi za HP, hufunguka ukurasa wa mipangilio ya msingi ambao hautumii Windows hata kidogo. Iachwe hapo kwa dakika 10. Picha ikitulia muda wote huo, kioo ni kizima. Ikianza kupepesa, kuchora mistari au kuzima ikiwa hapo hapo, hakuna draiva itakayotibu maradhi hayo. Kompyuta nyingi za Dell zina jaribio jingine: kushikilia herufi D wakati wa kuwasha hufanya kioo kipite rangi mbalimbali, na mistari au madoa yakionekana kosa ni la kioo au waya wake.

Taa ya nyuma ya kioo nayo huwadanganya wengi. Chumba kikiwa na giza, tochi ya simu ikimulikwa kwa pembeni juu ya kioo, picha hafifu inaweza kuonekana. Maana yake picha ipo, ila mwanga haupo. Draiva mpya wakati mwingine hushusha mwanga hadi sifuri, na vitufe vya kuongeza mwanga vinatosha kumaliza shauri. Kama hata nembo ya mwanzo inahitaji tochi, taa hiyo imekufa au waya wake umekatika kwenye bawaba za kifuniko.

Televisheni ya nyumbani yenye tundu la HDMI hutoa jibu la haraka. Picha ikitokea kwenye televisheni huku kioo cha kompyuta kikiwa cheusi, Windows inafanya kazi na mwenyewe anaweza kunakili faili zake kwenye flashi hapo hapo kabla ya kuendelea na lingine lolote. Hata hivyo, televisheni kukosa picha si ushahidi wa upande wa pili, kwa kuwa draiva mbovu inaweza kuzima njia zote mbili.

Kwa skrini inayopepesa, Microsoft yenyewe inapendekeza kipimo chepesi. Mtumiaji anabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua dirisha la “Task Manager”. Dirisha hilo likipepesa pamoja na skrini yote, lawama ni ya draiva. Likitulia huku vingine vikipepesa, kuna programu ya kawaida isiyopatana na mfumo, na draiva iachwe kwa amani.

Tahadhari hii ina sababu. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola za Marekani milioni 150 na milioni 200 kugharamia matengenezo, kutokana na udhaifu wa malighafi zilizotumika kufungia baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato. Chipu hizo zilidhoofika kwa kupashwa joto na kupoa mara kwa mara. Wamiliki wengi waliona mistari na giza wakaanza kubadilisha draiva moja baada ya nyingine, ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye kifaa chenyewe.

Kurudisha picha

Hatua ya kwanza haigharimu chochote. Kwenye Windows 10 na Windows 11, kubonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows, Ctrl, Shift na herufi B huiamuru draiva ya picha ianze upya. Kompyuta iliyo hai hutoa mlio mfupi na skrini hupepesa mara moja. Kwa kawaida hakuna programu inayofungwa wala kazi inayopotea.

Hatua ya pili ni kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Draiva mpya mara nyingine huamini kuwa kompyuta imeunganishwa na projekta ambayo haipo, ikapeleka picha yote huko. Kubonyeza P zaidi ya mara moja huku kitufe cha Windows kikiwa kimeshikiliwa, kisha kubonyeza Enter, huweza kuirudisha picha nyumbani.

Kisha kuna suala la kuzima na kuwasha, ushauri ambao kila mtu huutoa na wachache huueleza. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa hazizimi kabisa. Sehemu ya ndani ya mfumo, pamoja na draiva zake, huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama ilivyo ili kompyuta iwake haraka. Draiva iliyochanganyikiwa jana usiku huamka asubuhi ikiwa imechanganyikiwa vile vile. Amri ya “Restart” ndiyo inayoanza kila kitu upya.

Hayo yakishindikana, inabidi kuingia kwenye mazingira ya ukarabati. Kama ukurasa wa nenosiri unaonekana, mtumiaji ashikilie Shift huku akichagua “Restart”. Kama hauonekani, azime kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, aiwashe, na mara inapoanza kupakia Windows aizime tena kwa njia hiyo hiyo. Baada ya kukatizwa hivyo mara mbili au tatu, Windows hutambua kuwa inashindwa kuwaka na kufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati, ambao hautumii draiva iliyoharibika.

Hapa ndipo penye mtego unaostahili kusimuliwa kwa kirefu. Kompyuta nyingi za siku hizi zimesimba data zote za diski kwa BitLocker, na mwenyewe hajui. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, limepanua zaidi idadi ya kompyuta zinazosimbwa kimya kimya wakati wa kusakinishwa. Kuingia kwenye ukarabati kunaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo hakuna fundi, awe na jina kubwa kiasi gani, atakayezisoma faili hizo.

Ulimwengu ulilionja hilo Julai 19, 2024, pale sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo, kuingia katika hali salama na kufuta faili moja, lakini ofisi nyingi zilikwama kwa kuwa zililazimika kwanza kutafuta funguo za BitLocker, kompyuta moja baada ya nyingine.

Kwa kompyuta binafsi, ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta na unaweza kusomwa kwa simu. Kwa kompyuta ya mwajiri, uko kwa idara ya teknolojia ya habari. Anayesoma haya huku kompyuta yake ikiwa nzima ana kila sababu ya kuunakili leo kwenye karatasi.

Ndani ya ukarabati, njia ni “Troubleshoot”, kisha “Advanced options”, kisha “Startup Settings”, na baada ya kompyuta kuwaka upya, namba 4. Namba hiyo hufungua “Safe Mode”, yaani hali salama. Kwenye Windows 7 na za kabla yake, kitufe cha F8 kilitosha.

Katika hali salama picha huwa na maandishi makubwa na sura isiyopendeza, kwa sababu Windows hutumia draiva ya msingi iliyoandikwa na Microsoft. Asiyezoea hudhani mambo yameharibika zaidi. Kumbe hiyo ni habari njema. Picha ikitulia hapo, imethibitika kuwa kioo na chipu ni vizima.

Sasa kazi yenyewe. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows pamoja na X, afungue “Device Manager”, kisha “Display adapters”. Hapo zitaonekana chipu za picha, moja au mbili. Kwa kila moja, bofya mara mbili, nenda kwenye “Driver” na utazame tarehe. Yenye tarehe iliyo karibu na siku ya mkasa ndiyo ya kuanza nayo. Kitufe cha “Roll Back Driver” huirudisha draiva iliyokuwepo awali. Baada ya “Restart”, kwa wengi hadithi huishia hapo.

Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Ibaki njia ya kuiondoa iliyopo kwa “Uninstall device”, na ni muhimu kuweka alama kwenye kisanduku kinachoagiza faili za draiva zifutwe pia. Asiyeweka alama hiyo hushangaa kompyuta inapowaka tena na draiva ile ile mbovu, kwa kuwa Windows iliitoa stoo na kuirudisha. Kwa sababu hiyo hiyo, intaneti ikatwe kabla ya kuwasha upya. Kisha isakinishwe draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kwa kufuata namba ya modeli iliyoandikwa chini ya kompyuta. Haitakuwa mpya kuliko zote, na si lazima iwe.

Ipo programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, ya Wagnardsoft, inayofagia mabaki yote ya draiva za NVIDIA, AMD na Intel. Hufanya kazi vizuri katika hali salama, lakini si ya kukimbiliwa kwanza. Ni ya pale draiva mpya inapogoma kuingia kwa sababu ya masalia ya ile iliyotangulia.

Kwenye ukarabati kuna pia “System Restore”, inayorudisha mfumo kwenye siku ya nyuma. Haigusi nyaraka binafsi, ila programu zilizosakinishwa baada ya siku hiyo huondoka. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huwa zimezimwa huduma hiyo tangu mwanzo, hivyo mtu asishangae kukuta hakuna hata siku moja iliyohifadhiwa. Kama draiva iliingia na sasisho kubwa la Windows, sasisho lenyewe linaweza kuondolewa kupitia “Uninstall Updates” kwenye ukurasa huo huo.

Watumiaji wa Ubuntu hukutana na giza hilo baada ya kusasisha draiva ya NVIDIA au kiini cha mfumo. Kwenye orodha ya kuwasha, herufi E hufungua mistari ya amri. Neno nomodeset likiongezwa mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kompyuta huwaka kwa picha ya msingi na draiva inaweza kubadilishwa. Kwa kompyuta za Apple, draiva huja ndani ya mfumo endeshi na haiwezi kurudishwa nyuma peke yake.

Dalili ndogo ndogo

Si kila mara kioo huzima. Maandishi yakiwa makubwa na picha ikiwa imevutwa, na vitufe vya mwanga vikawa havifanyi kazi, yaelekea draiva halisi haipo na Windows inatumia ya msingi. Kwenye “Display adapters” litasomeka jina “Microsoft Basic Display Adapter”, au “Standard VGA Graphics Adapter” kwenye Windows 7. Dawa ni kusakinisha draiva ya mtengenezaji. Kubadilisha kioo kwa dalili hiyo ni kutupa fedha.

Skrini ya kosa, iliyokuwa ya buluu kwa miaka mingi na ambayo kwenye Windows 11 ilibadilishwa kuwa nyeusi mwaka 2025, nayo husaidia badala ya kutisha. Maneno VIDEO_TDR_FAILURE yanamaanisha draiva ya picha haikujibu na kuanzishwa upya kukashindikana. Mara nyingi jina la faili hutajwa chini yake. nvlddmkm.sys ni ya NVIDIA, igdkmd64.sys ni ya Intel, na majina yanayoanza na ati au amd ni ya AMD. Kuipiga picha skrini hiyo kwa simu kabla haijatoweka kunampunguzia fundi saa nzima ya kubahatisha.

Kuzuia isirudi

Draiva ikisharudishwa nyuma, Windows inaweza kuileta tena ile mbovu ndani ya siku chache. Microsoft ilitoa kifaa kidogo cha kuficha masasisho mwezi huo huo wa Julai 2015, kiitwacho wushowhide, na kwa sasisho la draiva lililoshindikana kinaweza kuzuia kosa lisijirudie. Njia nyingine ni kusitisha masasisho yote kwa muda, jambo lililowezekana hata kwa watumiaji wa Windows 10 Home tangu Mei 2019, kwa siku zisizozidi 35. Kusitisha moja kwa moja si busara, kwa kuwa ndani ya masasisho hayo kuna kinga dhidi ya virusi na wadukuzi.

Anayeamua kwenda kwa fundi ana haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kuacha mashine. Kwanza, kama hali salama imejaribiwa. Pili, faili zitanakiliwa wapi kabla ya jambo jingine. Fundi makini anaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu na kunakili kila kitu bila kuigusa Windows, au kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, mradi ufunguo wa BitLocker upo. Chaguo la Windows la “Reset this PC” nalo lisomwe kwa makini. Lenye maneno “Keep my files” huacha nyaraka na kuondoa programu. Lenye maneno “Remove everything” halibakishi kitu.

Kwa wenye kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo nyingi mijini, kuna jambo la ziada. Julai 2022 Intel iliziweka chipu za picha za prosesa zake za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye ratiba ya matoleo ya robo mwaka, yenye marekebisho muhimu na ya usalama tu. Mwenye kompyuta ya aina hiyo hana anachokipata kwa kukimbiza kila draiva mpya.

Na baada ya Microsoft kusitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, wapo waliopandisha Windows 11 kwa njia zisizo rasmi kwenye mashine kongwe kuliko prosesa za kizazi cha 8, ambako ndiko orodha rasmi ya Intel inakoanzia kwa sehemu kubwa. Mashine hizo zikikosa draiva yake, hubaki na picha ya msingi, mwanga usiopungua na tundu la HDMI lisilotoa kitu. Mara nyingi draiva ya mwisho ya Windows 10 iliyopo kwenye tovuti ya mtengenezaji hukubali kuingia, na faili yake ya kusakinishia inafaa kuhifadhiwa kwenye flashi kabla haijaondolewa huko.